Kanuni Yangu Ilivyopanda Kilema

Tangu nirudi, sipiti Ngamiani bila kuvutwa kanzu. "Mbaruku, ilikuwaje huko? Kanuni na saksafoni vimeelewana?" Nikijibu kwa kifupi mnasema naficha. Nikijibu kwa kirefu, chai inapoa na nusu yenu mmeshaondoka. Basi nimekaa nimeyaandika yote, someni wenyewe.

Mwanzo wake mnaujua kidogo. Aloisi, yule mpiga saksafoni wa Moshi, alikuja Tanga na bendi yake kupiga hotelini, akatusikia tukipiga taarabu kwenye harusi ya mpwa wangu. Kesho yake akaja nyumbani, akavua viatu, akakaa mkekani na kuniimbia wimbo usio na maneno. Alipofika mahali fulani sauti yake iliteleza, ikatua pale ambapo kinanda hakina kibonye.

"Sauti hii ipo," akaniuliza, "au ni kosa?"

Nikabana uzi wa kanuni, hii ala yangu ya nyuzi nyingi, kwa ukucha wa dole gumba, nikaipiga. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa ya bayati, mojawapo ya zile njia za nyimbo tulizorithi kwa Waarabu. Sisi huipita kila siku bila hata kuitazama. Lakini Aloisi machozi yalimlengalenga.

"Baba yangu ameuimba wimbo huu maisha yake yote," akasema. "Na mimi maisha yangu yote nimedhani anakosea."

Ndipo aliponialika. Alitaka tuupige wimbo ule pamoja, kanuni na saksafoni, mbele ya baba yake, kisha mbele ya watu.

Tanga hadi Same

Mke wangu alilifunga sanduku la kanuni kwa shuka jeupe ili vumbi lisipenye. Mnalijua sanduku lile, pana upande mmoja na jembamba upande wa pili. Kondakta alitaka kulipandisha juu ya basi, nikakataa katakata, nikalipakata mapajani kama mtoto. Jirani yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, Mama Eli, anarudi kwao Moshi. Alilitazama sanduku, akanitazama mimi.

"Pole sana, kaka yangu."

"Ahsante, nimeshapoa," nikamjibu, nikidhani ananipa pole ya safari.

"Ni wa ngapi?"

Mnajua ninavyoizungumzia kanuni yangu, kama mtu. Nikamwambia, "Huyu ni wa pili. Wa kwanza aliliwa na mchwa."

Mama yule akaziba mdomo kwa kanga. Tangu hapo sikumwelewa tena, wala sikuwaelewa watu wa basi lile. Minong'ono ilipita kiti kwa kiti. Dereva akazima redio. Tulipofika Mombo mtu nisiyemjua akaniletea soda na chungwa lililomenywa, na mzee mmoja akavua kofia alipopita karibu yangu. Nikajisemea, ama kweli watu wa bara wana adabu.

Kabla ya Same mkanda wa feni ukakatika, tukashuka wote. Jua lilikuwa linachoma, milima ya Upare imesimama kimya upande wa kulia. Walinitafutia kivuli mimi kwanza. Halafu kijana mmoja mwenye tai akaja na Biblia mkononi, akaniuliza kwa unyenyekevu kama ninaruhusu waombe, ingawa dini zetu ni mbalimbali.

"Ombeni tu," nikasema. "Mnamwombea nani?"

"Marehemu," akasema, akionyesha sanduku.

Ndipo nilipoelewa. Watu wa Kilimanjaro, hata mtu afie wapi, hurudishwa akazikwe kihambani kwao, kwenye shamba la migomba la ukoo. Walidhani nampeleka mwanangu.  Nikafungua shuka, nikafungua sanduku, nyuzi zikawaka juani.

Watu wakainama kuchungulia. Halafu Mama Eli akanipiga bega kwa kanga yake. "Yesu wangu! Wewe baba wewe! Umetutoa machozi bure! Sasa piga, usitutanie, piga!"

Nikavaa pete zangu na risha zake za kukwanyulia nyuzi, nikakaa juu ya jiwe, nikawapigia mpaka mkanda ukapatikana. Kijana mwenye tai ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Mama Eli tuliagana naye stendi ya Moshi jioni, bado anacheka peke yake.

Soweto, Moshi mjini

Aloisi anakaa Soweto, nyumba yenye ukuta wa matofali na sebule iliyojaa kanda. Jambo la kwanza nililomuuliza lilikuwa mlima.

"Uko hapo," akasema, akinyoosha mkono. Nikatazama. Palikuwa na mawingu tu.

Kesho yake nikauliza tena. Mkewe, Mama Prisca, akaniambia, "Uko hapo hapo, shemeji, leo umejifunika." Nikaanza kuushuku mlima wenyewe.

Mimi nilipoambiwa jazi nilifikiri dansi, yale magitaa ya kuchezesha viuno. Aloisi alicheka, akaweka kanda. Mtu akaanza na kijiwimbo kidogo kwenye saksafoni, halafu akakiacha, akazurura, akakivunja vipandevipande, akarudi kwake kwa mlango wa nyuma. Nilisimama katikati ya sebule na kikombe mkononi.

"Lakini hii ni taksimu," nikasema. Ndiyo ile ya kwetu, mpigaji anapoachwa peke yake kabla ya wimbo, aitafute njia anayoitaka. "Nani aliwafundisha Wamarekani taksimu?"

"Mimi nawe tutajuana," akasema Aloisi.

Hatukujuana. Tulifanya mazoezi na mpiga besi na mpiga ngoma wake, na ikawa kama chakula cha harusi ambacho wali umepikwa nyumba moja na mchuzi nyumba nyingine. Nikianza bayati, besi linatafuta pa kusimama, halipati. Aloisi akipuliza zile sauti zake za kupinda, nami naogopa kumkanyaga. Kila mmoja anamngoja mwenzake, kila mmoja mpole kupita kiasi. Tulifanana na watu wawili mlangoni, pita wewe, hapana, pita wewe, na hakuna anayepita.

Mpiga besi alikuwa msema kweli. "Kaka Aloisi, watu watakuja Jumapili alasiri. Tupige nyimbo zetu za kawaida, huyu fundi tumpe nafasi yake peke yake, tuachane nayo."

Aloisi alifuta saksafoni yake taratibu. "Baba ametoka Mawenzi juzi," akasema. Nilijua ni hospitali anayoitaja. "Daktari kasema moyo umechoka, arudi nyumbani apumzike. Hakusema apone. Kasema apumzike." Akanigeukia mimi. "Sitaki ausikie wimbo huu sisi tukiwa tumeushindwa. Twende kwake Kilema, juu mlimani, tumuulize."

Kupanda Kilema

Tulipanda na gari dogo la mtu anayechukua maziwa, sanduku langu katikati ya madebe matupu. Jamani, mimi nimezaliwa penye jasho. Sikujua kwamba nchi moja inaweza kubadilika hivi kwa mwendo wa saa moja. Kwanza vumbi na mahindi, halafu ghafla giza la kijani, migomba imefunga juu ya barabara, kahawa chini yake, na maji yanakimbia kila mahali kwenye mifereji waliyochimba mababu. Maji yale yanapita uani kwa mtu, yanampitia jirani, hayana kelele wala ubishi. Na baridi! Nilivaa sweta la Aloisi, na juu yake sweta la pili la Mama Prisca, la zambarau, na sikuona haya.

Nyumba ya Mzee Bonifasi iko chini kidogo ya kanisa kuu la misheni. Binti yake mkubwa, dada yake Aloisi, alitupokea na kuku hai mkononi na kisu mkono wa pili.

"Karibu sana. Chinja mwenyewe," akaniambia. "Tusije tukakukosea."

Nikachinja, na sweta langu la zambarau. Mbege, pombe yao ya ndizi, nilikataa, wakaniletea maziwa mgando badala yake bila kuniuliza sababu. Halafu ukaja mtori, ndizi zilizopondwa na mchuzi wa nyama mpaka zikawa uji mzito. Nilidhani ni chakula cha mgonjwa. Kufika bakuli la pili nikatamani niugue.

Lakini nilipofungua sanduku, moyo ulinishuka. Ukungu ulikuwa umeingia. Ile ngozi inayobeba daraja la nyuzi ilikuwa imelegea kama kitambaa kilicholoa, daraja limezama, nyuzi zote zimeshuka. Nikapiga uzi mmoja, ukalia kama mtu anayeongea na tonge mdomoni. Nikaibeba kanuni mpaka jikoni, nikaiweka mbali kidogo na mafiga, nikakaa nayo, naigusa ngozi kila mara kama mama anayepima homa. Alasiri ikakaza. Nikatoka nayo uani.

Kwa Mzee Bonifasi

Alikuwa amekaa nje na koti zito, mtu mrefu aliyekonda, macho makali.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyu ndiye Mswahili wako?" akamuuliza Aloisi. Akaitazama kanuni kwa muda mrefu sana. Akanyoosha kidole, akagusa uzi mmoja, akakirudisha kidole haraka. "Ni yenyewe," akasema. "Sijaiona tangu vita."

Ndipo niliposikia kwamba wakati wa vita vya pili, akiwa kijana, alipelekwa Misri kupakia malori ya jeshi. Huko ndiko alikoupata wimbo. Nikamwomba auimbe. Akauimba, sauti imekwaruza lakini haikutetereka, na pale kwenye ile sauti ya katikati, isiyo na kibonye, akapita kama mtu anayepita kwenye mlango wa nyumba yake. Mimi nilikuwa nimetumaini nitautambua. Nyimbo za zamani za Misri nimelishwa tangu utoto. Huu sikuujua. Bayati niliijua, lakini wimbo wenyewe ulikuwa unakata kona pasipo na kona.

Nikasema labda umri umeupinda. Nikaupiga vile nilivyoona ungestahili kuwa, nikaunyoosha, nikaupamba. Nilipiga vizuri, nawaambia ukweli.

"Sivyo," akasema Mzee.

Aloisi akaupuliza kwa namna yake.

"Sivyo."

Tukapiga pamoja, kwa adabu, tukingojana.

"Hiyo ndiyo sivyo kabisa," akasema, akaanza kukohoa, binti yake akamwingiza ndani. Aloisi alibaki ameinamisha kichwa. Aliniambia polepole kwamba shuleni, kwenye kwaya ya misheni, alichapwa kiganja kwa kuimba sauti ile aliyoisikia nyumbani, akarudi akamwambia baba yake aache kuimba vibaya mbele ya watoto.  Mzee alihamisha kuimba kwake, akawa anaimba shambani.

Asubuhi

Niliamka nikaenda kunawa kwenye mfereji. Anga ilikuwa safi. Nikaangalia kaskazini kuutafuta mlima, nikaona migomba, juu yake miti, juu ya miti vilima vya bluu. Nikasema leo pia haupo.

"Unaangalia chini sana," akasema Mzee Bonifasi nyuma yangu. "Inua uso. Bado. Inua tena."

Nikainua mpaka shingo ikakunjika, na pale ambapo mimi huweka mbingu, palikuwa na mlima. Mweupe, mpana, mtulivu, hauko mbali, uko juu yetu, kama ulikuwa umetusimamia siku zote huku mimi nikiukanusha.  Nilisema Subhanallah, nikaisema tena, na sabuni ikachukuliwa na maji.

Mzee aliningoja nimalize. Hakucheka. Watu wale hawamcheki mtu anayeutazama mlima. Labda ni kwa sababu hiyo aliniambia.

"Jana nililala nikifikiri kwa nini sivyo," akasema. "Kule tulikuwa na barabara moja. Upande huu mkahawa wa Waarabu, mtu anapiga kitu kama chako. Upande ule kantini ya askari weupe, wana bendi, wanapuliza mabomba kama la Aloisi. Mkahawani tulikatazwa kuingia, ilikuwa amri. Kantini ilikuwa ya weupe. Basi jioni kazi ikiisha, sisi watu weusi tunasimama barabarani, katikati."

"Mkisikiliza upi, baba?"

Alinishangaa. "Tungeziba sikio moja? Vyote."

Nilimwita Aloisi kwa sauti iliyomtoa ndani mbio na shati wazi. Mzee akamrudia maneno yale yale.  Aloisi aliingia ndani, akatoka na saksafoni, akavuka uani mpaka kule zizini kwa ng'ombe, akageuka akatutazama. Mimi nikaibeba kanuni mpaka upande wa pili, kwenye kibaraza wanapoanikia kahawa. Mzee akabaki katikati, mikono nyuma, kama yuko kwenye gwaride.

Nikaanza bayati. Kule ng'ambo Aloisi akaanza lake. Tukasikilizana, tukapunguza.

"Hapana!" Mzee akapaza sauti. "Usimngoje! Na wewe usimngoje! Wale hawakujuana!"

Basi nikaacha kumngoja. Ni jambo gumu kuliko yote niliyowahi kufanya kwenye nyuzi. Nilipiga changu kama vile niko peke yangu duniani, na yeye akapuliza chake, kikali, kinateleza, kinaruka. Kwa muda ilikuwa ghasia tu, hata ng'ombe alilalamika.  Halafu vile viwili vilianza kugusana. Saksafoni ilikuwa inapanda, na katika kupanda ikaipitia ile sauti ya katikati wakati huohuo nilipokuwa naibana kwa ukucha. Hatukuitafuta. Ilijaa ua mzima. Na zile kona zisizo na kona zikaonekana, maana wimbo wa Mzee haukuwa wimbo. Ulikuwa kipande cha Waarabu na kipande cha wale wa kantini, vilivyoshonwa na sikio la kijana aliyesimama mahali ambapo upepo uligeuka.

Mzee alikuwa akiuimba, katikati, kwa sauti yote.

Hata baridi sikuisikia tena. Nilifikiri, sisi tumeenda kuuchanganya muziki huu kama watu wanaobuni jambo jipya, na ulikuwa umeshachanganyika, ukaishi miaka hii yote shambani Kilema, unaimbwa katikati ya kahawa.

Tulipomaliza Aloisi alivuka uani, akapiga magoti kwenye majani yenye umande. "Nisamehe, baba. Nilikuambia unaimba vibaya."

"Ulikuwa mtoto," akasema Mzee. Akamwinua. "Aika." Aika ndiyo ahsante yao.

Ukumbini

Jumapili daktari angekataa, kwa hiyo hakuulizwa. Binti alimfunga baba yake mablanketi, tukashuka naye Moshi.

Ukumbi ulijaa kuliko tulivyotazamia, watu wa kutoka misa na watu wa kutoka msikitini, na vijana waliodhani ni disko. Aloisi na wenzake walikaa jukwaani. Mimi niliwekwa mwisho kabisa, mlangoni, juu ya meza mbili zilizounganishwa. Mpiga besi, aliyekuwa haamini, alikuja akanishika mkono kabla ya kuanza. "Fundi, mimi sitakufuata," akasema. "Usinifuate," nikamwambia, tukacheka.

Katikati ya watu Aloisi aliweka kiti kimoja chenye mto. Mzee alikifikia, akaweka mkono juu ya mgongo wake, asikae. Binti alimnong'oneza, akatikisa kichwa. Watu wa nyuma walianza kuguna kwamba anawakinga. Aloisi akasema kwenye maikrofoni, "Mwacheni baba yangu. Ndivyo alivyousikia." Hakueleza zaidi.

Tukaanza. Vichwa viligeuka huku, vikageuka kule, kama watu wanaotazama mpira, halafu vikaacha kugeuka. Watu walitulia, wakatazama mbele yao, wengine wakafumba macho.  Nilimwona mama mmoja ameshika mkono wa mtu wa pembeni, na nilijua kwa nyuso zao kwamba hawajuani.

Mzee alisimama wima, mkono kitini. Nilimtazama muda wote, nikihofia moyo wake. Tulipofika pale saksafoni inapopanda na mimi naubana uzi, uso wake ulibadilika. Alitazama jukwaani. Akageuka taratibu, akanitazama mimi mlangoni. Hapa hapakuwa na amri, wala mtu wa kumwambia aondoke. Watu waliomzunguka walikuwa wamesogeza magoti kumpa nafasi.

Akazunguka kile kiti, akakishika kwa mikono miwili, akakaa.

Aloisi alimwona. Sauti yake ilikatika kidogo, ikarudi, na mimi risha ilinitoka kidoleni nikamalizia kwa kucha. Makofi yaliyofuata sitajaribu kuyaeleza.

Yalipotulia, Mzee alikuwa bado amekaa, anajiwekea sawa blanketi.

"Mmemaliza?" akauliza.

"Ndiyo, baba," akasema Aloisi kutoka jukwaani.

"Rudieni," akasema. "Nilikuwa sijakaa vizuri."

Tukarudia.